Mhimili Unaotii Amri: Jinsi Kompyuta Inavyoiongoza Mashine ya Kukereza

Kuzungusha kitu si kazi ngumu. Maji ya mto huzungusha gurudumu la kinu, upepo huzungusha tanga, na mtoto huzungusha pia yake mchangani kwa kipande cha kamba. Kazi ngumu ni kukiamuru chuma kizito kinachozunguka mara elfu mbili kwa dakika kipunguze mwendo, kisimame, na kisimame pale pale kilipotakiwa, wala si upana wa unywele kando yake; halafu kesho na keshokutwa kiamriwe tena, nacho kisimame mahali hapo hapo. Juu ya uwezo huo mmoja ndipo inapojengwa sehemu kubwa ya kazi za chuma za siku hizi, kuanzia bolti ya gari la kawaida hadi vipuri vya ndege.

Msomaji wa Mutanga Sud huenda akauliza jambo hili linamhusu nini. Jina la Mutanga hapa Bujumbura huwakumbusha watu kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, vitabu na wanafunzi, wala si mlio wa chuma. Lakini ateremke kupitia Nyakabiga na Bwiza mpaka afike Buyenzi, mtaa wa gereji na wa Kiswahili, na huko atakuta swali lenyewe limelala chini ya kila lori lililoinuliwa kwa jeki: kipuri kimevunjika, kipya kiko mbali, je, nani atakitengeneza? Burundi haina bandari ya bahari. Kipuri kinachoshushwa Dar es Salaam hubebwa na lori kuvuka Tanzania nzima, au husafiri kwa reli zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma, kisha kikapakiwa melini kuja juu ya Ziwa Tanganyika. Kwa mwenye teksi, wiki tatu za kungoja ni hasara. Kwa kikosi kilicho kazini ni jambo zito zaidi. Wanajeshi wa Burundi waliofika Mogadishu tangu Desemba 2007 waliijua vyema hesabu hiyo, kwa kuwa gari lisilokuwa na habu ya gurudumu haliendi doria, na msafara hauwezi kumwacha mtu nyuma ati akingoja meli.

Ndiyo maana majeshi mengi hujitahidi kuwa na karakana zao. Jirani zetu wa Tanzania wana shirika la Mzinga kule Morogoro, na Nyumbu kule Kibaha, kituo kilichoanzishwa mwaka 1985 chini ya jeshi kwa ajili ya teknolojia ya magari. Na katikati ya karakana yoyote ya namna hiyo utaikuta mashine ya kukereza.

Mashine hiyo inajulikana na wengi kwa sura. Kipande cha chuma hushikwa na taya za chaki (si ile ya mwalimu, bali kishikio cha duara chenye taya tatu au nne), chaki imefungwa kwenye mhimili mkuu ambao mafundi huuita spindeli, spindeli huzungushwa na mota, na kisu kilichokazwa mbele yake husogea taratibu kikimenya chuma kama mtu amenyaye muwa. Mashine ya kuchonga ya aina nyingine huzungusha kisu na kukiacha kipande kimetulia. Hii huzungusha kipande. Hilo likumbukwe, kwa sababu hatari zake zote na ustadi wake wote hutokana nalo.

Watu wa silaha wana historia ndefu na mhimili huu. Mwaka 1774 Mwingereza John Wilkinson alipewa hataza ya njia ya kutoboa mizinga ambamo mzinga wenyewe ulizungushwa, na chombo cha kukata kikasukumwa ndani yake bila kuzunguka. Tundu likatoka limenyooka kuliko lilivyowahi kutoka. Ujuzi huo wa kutoboa ndio uliomwezesha, mwaka uliofuata, kutengeneza silinda sahihi za injini ya mvuke ya James Watt. Karibu mwaka 1800 Henry Maudslay, naye Mwingereza, aliunganisha mhimili na kisu kwa gia na skrubu ndefu, hata kila mhimili ulipokamilisha mzunguko mmoja, kisu kikasogea kipimo kile kile. Na mwaka 1952 wahandisi wa chuo cha MIT nchini Marekani, kwa fedha za Jeshi la Anga la nchi hiyo, walionyesha mashine ya kuchonga iliyoongozwa na namba zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Wazo lilikuwa limetoka kwa John Parsons, mtengenezaji wa mabawa ya helikopta. Kompyuta iliingia baadaye kushika nafasi ya utepe.

MGUU SAWA

Katika mashine ya zamani, kama zile za gia zilizotengenezwa Kilimanjaro Machine Tools wilayani Hai, kiwanda kilichojengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Bulgaria, spindeli haijui lolote. Fundi huchagua gia, huvuta mkono, nayo huzunguka mpaka azime. Akili yote imo kichwani na mikononi mwa fundi. Spindeli inayoongozwa na kompyuta ni kitu kingine, kwa kuwa hiyo huulizwa na hujibu.

Hujibu kwa njia ya kifaa kidogo kiitwacho enkoda. Ni kisahani kinachozunguka pamoja na spindeli, kimechorwa mistari myembamba ukingoni, mara nyingi 1,024, na kila mstari ukipita mbele ya jicho la kifaa hutoa mpigo wa umeme. Kwa ujanja wa kusoma mwanzo na mwisho wa mistari katika njia mbili, kompyuta huzidisha idadi hiyo kwa nne na kupata alama 4,096 katika mzunguko mmoja. Zaidi ya hizo, kuna mpigo mmoja wa peke yake unaotokea mara moja tu kwa kila mzunguko. Huo ndio mpigo wa alama.

Askari ataelewa haraka kuliko mhandisi mwanafunzi. Gwaride likitembea, hatua zote hulingana, na mtu aliyefumba macho hawezi kujua ipi ni ya kwanza na ipi ni ya kumi. Lakini sajenti anapotamka "kushoto!" kila mguu wa kushoto ukanyagapo, hesabu ina mwanzo, na amri ya kusimama inaweza kutolewa kwa mguu unaojulikana, kikosi kizima kikatua pamoja. Mistari 1,024 ni hatua; mpigo wa alama ni ile "kushoto". Bila huo, kompyuta ingejua spindeli inakwenda upesi kiasi gani, lakini isingejua kamwe imeelekea wapi.

Amri zenyewe ni fupi kama za kwata. M03 ni zunguka mbele, M04 ni zunguka kinyume, M05 ni simama. Na M19, katika mashine nyingi, ni simama kwa pembe iliyowekwa. Ikipokea M19, spindeli hupunguza mwendo hadi kutambaa, huutafuta mpigo wa alama, na kutoka hapo huhesabu mipigo mpaka pembe iliyotakiwa. Kisha mota haiachii, bali huendelea kushikilia. Ukijaribu kuisukuma kwa mkono itakupinga, kama mlinzi wa lango. Baada ya hapo hutoa ripoti kwamba imefika, na programu haiendelei na mstari unaofuata kabla ya ripoti hiyo kupokelewa. Ripoti ikichelewa kupita muda uliowekwa, mashine husimama yote na kuwasha onyo. Fundi mwenye haraka huliona onyo hilo kuwa usumbufu. Si usumbufu hata kidogo, maana mara nyingi mkanda umelegea, au waya wa enkoda umelowa mafuta, na mashine imekataa kusema uongo.

MWENDO UNAOUA

Kabla ya kufika kwenye manufaa ya kusimama, hapana budi tukae kidogo kwenye mwendo, kwa maana hapo ndipo watu wanapokufa.

Kisu hukata vizuri pale chuma kinapopita mbele yake kwa mwendo mmoja, tuseme mita 150 kwa dakika. Lakini kipenyo cha kipande kinabadilika kadiri kinavyomenywa. Ili mwendo wa chuma mbele ya kisu usibadilike, spindeli lazima iongeze kasi kila kipenyo kinapopungua. Kompyuta hufanya hivyo yenyewe ikipewa amri ya G96. Kwa kipenyo cha milimita 200 itazungusha karibu mara 239 kwa dakika. Kwa milimita 100, mara 477. Kwa milimita 20, karibu mara 2,390. Kwa milimita 5, zaidi ya mara 9,500. Na kisu kinapoutengeneza uso wa kipande kuelekea katikati yake kabisa, kipenyo kinakuwa sifuri, na hesabu inadai mzunguko usio na mwisho. Kompyuta haina woga. Itaitii hesabu mpaka mota ishindwe.

Sasa tazama taya za chaki. Tuseme kila taya ina uzito wa kilo 2, na kitovu chake kipo milimita 80 kutoka katikati. Kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, kila taya huvutwa kutoka nje kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 400 hivi. Kwa mizunguko 3,000, nguvu hiyo haiwi mara mbili, huwa mara nne, yaani kama kilo 1,600 kwa kila taya. Nguvu hiyo huondolewa moja kwa moja kwenye mshiko. Kipande kilichokamatwa barabara wakati mashine imesimama huweza kuwa kimeshikwa kwa nusu tu, au kisiwe kimeshikwa kabisa, mwendo unapofika kileleni. Kikitoka, hakidondoki. Huruka, na wenye karakana wamewahi kukuta vipande vimetoboa mlango wa bati.

Kinga yake ni mstari mmoja wa programu. Katika mashine nyingi za mfumo wa Fanuc huandikwa G50 S2000, na katika mashine nyingine G92, maana yake ikiwa: fanya hesabu zako zote, lakini usivuke mizunguko 2,000. Mstari huo hukaa mwanzoni, haukati chuma, hauongezi uzuri wa kazi, na kwa hiyo mtu anayenakili programu kutoka kazi moja kwenda nyingine huweza kuuacha nje bila kuona tofauti yoyote siku hiyo. Tofauti itaonekana siku chaki kubwa itakapofungwa.

Hatari ya pili iko nyuma ya mashine, mahali ambapo hakuna anayetazama. Spindeli ina tundu katikati yake, na fimbo ndefu ya chuma huweza kupitishwa humo. Ikitokeza nyuma bila kuegemezwa, ikazungushwa kwa kasi, hujipinda kidogo, na ikishajipinda nguvu ya kuitupa nje huizidisha mpaka igeuke mjeledi wa chuma. Hutokea ghafla, wala hakuna mlango unaomlinda mtu aliyesimama upande huo.

Askari polisi anayeitwa karakanani baada ya ajali ya namna hii mara nyingi huandika "mashine ilirusha chuma" na kufunga daftari. Anaweza kuandika mengi zaidi. Mtu aliyeumia akisha kuhudumiwa, na kabla umeme haujazimwa, skrini ipigwe picha, kwa kuwa inaonyesha mwendo uliokuwa umeamriwa, mstari uliokuwa ukitekelezwa na maonyo yaliyotangulia. Programu yenyewe ihifadhiwe kama ilivyo, ili ionekane kama kikomo cha mwendo kiliandikwa. Juu ya chaki mtengenezaji huchonga kasi ya mwisho inayoruhusiwa, nayo ilinganishwe na iliyoamriwa. Kuna kitasa cha kupandisha na kushusha mwendo kwa asilimia, mara nyingi kuanzia 50 hadi 120, na mahali kilipoachwa ni ushahidi. Zaidi ya yote, utazamwe mlango. Mashine hizi huwa na ufunguo kwenye mlango unaozuia spindeli kuzunguka mlango ukiwa wazi. Na ni desturi mbaya iliyoenea duniani kote kwamba mtu hutia ufunguo wa akiba ndani ya tundu lake na kuuacha humo, ili afanye kazi mlango ukiwa wazi. Ufunguo uliokutwa umefungwa kwa waya hausemi uongo, na anayepaswa kuulizwa si kijana aliyeumia peke yake, bali pia mkuu aliyeupita kila asubuhi.

KUSIMAMA MAHALI PAJULIKANAPO

Turudi kwenye pembe. Kazi ya kwanza inayoitaka ni ya zamani: kukata hesi, au thredi kama wengi wasemavyo. Hesi haikatwi kwa safari moja. Kisu hupita mara sita, kumi, hata zaidi, kila mara kikizama kidogo, na kila mara lazima kiingie katika mfereji ule ule. Kwa hesi ya milimita 2 na mwendo wa mizunguko 600, kisu husafiri milimita 1,200 kwa dakika. Kompyuta hukingoja kisu mlangoni mpaka mpigo wa alama upite, ndipo hukiachia. Fundi wa zamani alifanya hivyo kwa kutazama saa ndogo ya hesi na kubana mkono kwa wakati wake, na wengine walikuwa na ustadi wa kupendeza kuutazama.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu hulitaja kwa haraka nalo linaharibu kazi nyingi. Mwendo wa spindeli usibadilishwe kati ya safari moja na nyingine. Kisu huanza kwa kuchelewa kidogo baada ya mpigo, kwa kuwa ni kizito, na kuchelewa huko hutegemea kasi. Ukipunguza kasi katikati ya kazi, kuchelewa hubadilika, na kisu huingia kando ya mfereji wake. Hesi hutoka na ukuta mwembamba, huonekana nzuri kwa macho, na hukatika inapokazwa. Kwa sababu hiyo hiyo hesi hukatwa kwa mwendo usiobadilika, wa G97, wala si kwa G96.

Kazi ya pili ni ya kushika. Kipande kisicho cha mviringo, tuseme chenye ubavu bapa, au kile kinachoingizwa na mkono wa roboti, hakiwezi kutiwa katika taya zilizosimama popote. Spindeli lazima isimame zikiwa zimeelekea palepale. Mashine zenye spindeli mbili zinazotazamana huenda mbali zaidi: ya pili husogea, hufikisha mwendo wake sawasawa na wa kwanza, hukamata kipande kikiwa bado kinazunguka, na ya kwanza huachia. Kwa fimbo ya duara yatosha mwendo ulingane. Kwa fimbo ya pembe sita, pembe nazo lazima zilingane, la sivyo taya hukamata ukingo na kukisokota kipande kama nguo inayokamuliwa.

Kazi ya tatu ndiyo ya habu yetu ya lori. Habu ina uso wa mviringo, na juu ya uso huo kuna matundu ya bolti, tuseme sita, yaliyoachana kwa digrii 60. Mashine yenye keekee ndogo inayozunguka yenyewe mahali pa kisu huweza kuyatoboa bila kipande kutolewa kwenye chaki: spindeli husimama, breki hubana, tundu hutobolewa, breki huachia, spindeli hugeuka digrii 60, na kuendelea. Lakini hapa M19 peke yake haitoshi, na mtu anayenunua mashine kwa kutazama kitabu chake cha matangazo hana budi aelewe kwa nini. Alama 4,096 katika mzunguko maana yake ni alama moja kwa kila sehemu 0.088 ya digrii. Kwa tundu lililo milimita 150 kutoka katikati, hiyo ni robo ya milimita, au pungufu kidogo. Kwa kukata hesi ni sawa, kwa kupokea kipande ni sawa. Kwa matundu sita yanayopaswa kukutana na bolti sita zilizokwisha kutengenezwa na mtu mwingine, ni tatizo. Kazi hiyo yataka spindeli igeuzwe kuwa mhimili kamili wa kuongozwa, ule uitwao mhimili C, wenye enkoda nyembamba zaidi, unaoamriwa mara nyingi kwa sehemu ya elfu moja ya digrii. Kwa umbali ule ule wa milimita 150, sehemu hiyo ni chini ya sehemu tatu za elfu moja za milimita, kipimo ambacho bolti haikijui wala haikihitaji. Mashine mbili zinaweza kufanana kwa rangi na ukubwa, moja ikawa na mhimili C na nyingine ikawa na M19 tu, na bei ikaeleza tofauti ambayo macho hayaioni.

Kosa linalowasumbua watengenezaji wengi liko kwenye mkanda. Mota na spindeli mara nyingi huunganishwa kwa mkanda na magurudumu yasiyolingana, hata mota ikazunguka mara mbili spindeli inapozunguka mara moja. Enkoda ikifungwa kwenye mota, mpigo wa alama hutokea mara mbili kwa kila mzunguko wa spindeli, na kompyuta haiwezi kujua ni upi kati ya hiyo miwili. Spindeli itasimama leo juu, kesho chini, nayo itaripoti kwa uaminifu kwamba imefika. Kwa hiyo enkoda hufungwa kwenye spindeli yenyewe, au kando yake kwa mkanda wa meno unaozunguka moja kwa moja. Na mkanda huo wa meno nao una siri yake. Ukivuliwa kwa ajili ya kubadilisha beringi, ukarudishwa umeruka jino moja kwenye gurudumu la meno 60, pembe yote ya mashine imehama digrii 6. Hakuna onyo litakalowaka. Kila kitu kitazunguka vizuri, na habu ya kwanza itakayowekwa katika taya itapigwa ubavuni.

MASHINE NA SERIKALI

Kwamba serikali hushughulika na mihimili hii si ajabu. Mwaka 1987 ulimwengu ulifahamu kwamba kampuni ya Toshiba Machine ya Japani ilikuwa imeiuzia Urusi ya Kisovieti mashine kubwa za kuchonga zenye mihimili tisa, pamoja na mitambo ya kompyuta iliyotoka Kongsberg nchini Norway, kinyume cha makubaliano ya nchi za Magharibi. Marekani ilidai kwamba mashine hizo zilichonga propela za nyambizi zilizotoa kelele kidogo majini. Wataalamu wamebishana tangu hapo juu ya kiasi gani cha ukimya huo kilitokana na mashine, kwa kuwa nyambizi za Kisovieti zilikuwa zimeanza kutulia kabla. Wakuu wa Toshiba walijiuzulu, na wabunge wa Marekani wakavunja redio ya kampuni hiyo kwa nyundo mbele ya bunge lao, tendo ambalo halikunyamazisha wala kupaza nyambizi yoyote.

Athari yake inafika hadi kwetu. Tangu mwaka 1996 nchi nyingi zinazotengeneza mashine hizi hufuata makubaliano ya Wassenaar, ambayo hupima usahihi wa mashine na idadi ya mihimili inayoongozwa kwa pamoja kabla ya kuruhusu isafirishwe. Aidha, baadhi ya watengenezaji wa Japani huweka ndani ya mashine kifaa kinachotambua kwamba imehamishwa. Mashine ikinyanyuliwa na kupelekwa jengo lingine, hujifunga, na haizunguki tena mpaka mwenye kiwanda athibitishe ilipo. Anayenunua mashine iliyotumika, kwa bei nafuu, bandarini, yafaa aulize jambo hili kabla ya kulipa.

Lakini kwa Bujumbura adui wa karibu zaidi ni umeme. Ukikatika katikati ya kazi, mihimili midogo inayosogeza kisu husimama mara moja, na spindeli nzito huendelea kuzunguka kwa uzito wake. Kisu kilichozama kwenye hesi huvunjika, na kipande huharibika. Mashine bora hutumia nguvu ya mzunguko wenyewe: mota ya spindeli hugeuka kuwa jenereta kwa sekunde chache, na umeme huo hukiondoa kisu nje kabla ya yote kusimama.

Adui wa pili ni mdogo, ana ukubwa wa kidole, na huua mashine bila kelele. Katika mitambo mingi, hasa iliyotengenezwa miaka ya 1980 na 1990, pembe ya kusimamia, vikomo vya mwendo, uwiano wa magurudumu na mamia ya vigezo vingine hutunzwa katika kumbukumbu inayolishwa na betri pindi mashine inapozimwa. Mashine inayofanya kazi kila siku hutoa onyo betri inapodhoofika. Mashine iliyofunikwa turubai miezi minane ikingoja kipuri au mafuta ya jenereta haimwonyi mtu. Siku ikiwashwa, haijui ina spindeli ya aina gani wala isimame wapi, na mwenye kuitazama husema imekufa, kumbe imesahau. Betri hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa, kwa maana ukiitoa mashine ikiwa imezimwa unakuwa umefanya mwenyewe kile ulichokuja kukizuia. Na vigezo vyote hunakiliwa siku ya kwanza mashine inapofungwa, nakala moja katika chombo cha kompyuta, na nyingine kwa karatasi ndani ya bahasha ya plastiki, ikaning'inizwa upande wa ndani wa mlango wa kabati la umeme, ambako fundi atakayeitwa miaka kumi baadaye, asiyemjua aliyetangulia, ataikuta.